Watu wa afya Nyanda za Juu Kusini: mgonjwa anaondoka na dawa asizojua kuzitumia, shida iko wapi hasa?

#1 Kitundu cha Dawa

Wakuu habari za leo. Mi ni fundi dawa sanifu, niko kituo cha afya huku Mbeya vijijini, jina la kituo mtanisamehe. Tumetoka semina ya "huduma inayomjali mgonjwa", tumekula, tumesaini posho, tumerudi. Mwezeshaji anasema kila mgonjwa umwambie dawa hii ni ya nini, anywe vipi, akae mbali na nini, arudi lini, halafu umwombe arudie yeye mwenyewe kwa maneno yake. Safi kabisa. Sasa njoo uone dirisha letu. Ni kitundu cha nondo usawa wa tumbo, mgonjwa anainama kama anaokota mayai bandani, mi namwona kidevu na mkono, nyuma yake foleni yote imetega masikio. Mama kaandikiwa vidonge vya kuweka ukeni, nimweleze nini pale, nipaze sauti? Anachukua bahasha anaondoka, baadae unasikia amevimeza.

Hoja yangu: semina mia hazitasaidia mpaka hilo dirisha livunjwe, iwekwe meza na viti viwili. Wa Iringa, Njombe, Songwe, Rungwe, kwenu kukoje? Na kuna mliobadilisha kitu kikafanya kazi?

#2 Mnyalu wa Ipogolo

Kamwene. Yaani posho mle nyie wa Mbeya halafu majibu mtafute Iringa 😂 nimekaa pale.

#3 Sista Uyole

Mleta mada nakuunga mkono nusu. Dirisha ni bovu lakini hata uwekewe sofa, uko mwenyewe. Kituo nilichokuwa kabla ya hapa mtu wa famasi alikuwa mmoja, anatoa dawa, anahesabu stoo, anajaza leja, anaingiza kwenye mfumo, anaandaa maombi ya MSD (bohari ya dawa ya serikali), akienda likizo dirishani anakaa nesi au hata medikali atendanti. Siku ya kliniki ya presha na sukari watu wamejaa tangu alfajiri wengine wametoka mbali na wana Hiace ya kuwahi. Ukianza kumuuliza bibi arudie kwa maneno yake foleni inakupigia kelele, na wanaopiga kelele ndo haohao watasema hamjatuelekeza. Watu hawatoshi, mengine ni nakshi.

#4 Famasi ya Kona

Mimi niko upande wa pili, nina famasi mtaani Mwanjelwa. Sina kitundu, nina kaunta wazi kabisa, na foleni ya watu kumi sijawahi kuiona. Mbona na huku maelezo hayatolewi? Ngoja niseme ukweli watu wanichukie. Famasi nyingi mfamasia msimamizi jina lake liko ukutani, mwenyewe yuko mkoa mwingine kwenye ajira yake, cheti amekikodisha analipwa kwa mwezi. Anayekuhudumia ni binti aliyeanza juzi, anajua bei zote kwa kichwa lakini ukimuuliza hii inywewe kabla au baada ya kula anageuza boksi kutafuta maandishi. Na mwenye duka anachompima ni mauzo ya jioni, hajawahi kumuuliza leo umemuelewesha nani. Sheria ya Famasi ipo tangu 2011, Baraza la Famasi lipo, ukaguzi ukija siku hiyo mfamasia naye yupo, maajabu.

#5 Daktari Mbishi

Nasoma tu hapa watu wa dawa mnavyolaumu dirisha na mishahara. Niseme la upande wangu. Mimi naandika dawa, nikimaliza mgonjwa anaondoka sijui kinachotokea. Mfamasia hajawahi kunifuata akaniambia dokta hii uliyoandika inagongana na ile anayotumia. Labda mnaogopa, labda hamsomi cheti cha dawa, mnahesabu vidonge basi. Huduma ya mgonjwa ni timu, sasa timu gani mchezaji mmoja hatoi pasi?

#6 Kitundu cha Dawa

@Daktari Mbishi hatoi pasi au ananyang'anywa mpira? Mzee mmoja wa presha alikuwa anatumia enalapril. Akaanza kikohozi kikavu, akaja akapewa amoksilini, haikupona, akapewa azithromaisini, haikupona, akapimwa makohozi TB, hana. Nilipoona faili nikaenda kwa dokta kwa heshima zote nikamwambia dawa za kundi hili zinaleta kikohozi, tumbadilishie. Jibu nililopata: "wewe toa kilichoandikwa". Alikuja kubadilishiwa na dokta mwingine na kikohozi kikakata. Hiyo ndo timu yenyewe.

#7 Daktari Mbishi

Huyo mwenzangu alikosea, sitamtetea. Ila usimchukue mmoja ukatupaka wote.

#8 Tukuyu Mvua Nyingi

#6 umenikumbusha ile nyingine maarufu: mama anapewa amlodipine, miguu inavimba, anarudi anaandikiwa Lasix ya kukojoa, madini yanashuka anaanza kukakamaa misuli, anaongezewa dawa ya tatu. Kumbe ilikuwa ya kwanza tu. Mi ni mfamasia, na hii ndo kazi tuliyosomea miaka minne. Wamarekani wawili, Hepler na Strand, waliandika 1990 kwamba kazi ya mfamasia haiishii kutoa dawa, anabeba dhamana ya matokeo yake kwa mgonjwa. Miaka zaidi ya 30 imepita na sisi kwenye hospitali nyingi tunapimwa kwa asilimia ya dawa zilizopo stoo. Hakuna ripoti hata moja ninayojaza inayouliza wagonjwa wangapi nimewakuta wana tatizo la dawa nikalitatua. Kisichoandikwa kwenye ripoti bosi hakioni, na asichokiona hakitengei mtu wala chumba. Kwa hiyo mi naona shida ni vipimo vya kazi. Dirisha na uhaba wa watu vinafuata baadae.

#9 Boda wa Tunduma

Samahani wataalamu mi sio mtu wa afya, naruhusiwa? Mi nikiumwa naenda duka la dawa muhimu, lile dogo la mtaani sio famasi, naelezwa vizuri kuliko hospitali, dada yule ananijua mpaka watoto. Hospitali nafika saa mbili naondoka saa tisa na karatasi "kanunue nje". Sasa kama nje ndo kuna dawa na nje ndo kuna maelezo, ndani naenda kufanya nini?

#10 Sista Uyole

@Boda wa Tunduma unaruhusiwa sana, wewe ndo mwenye mada. Ila mwambie huyo dada asikupe sindano na asikuuzie antibayotiki nusu dozi.

#11 Boda wa Tunduma

Nusu dozi naomba mwenyewe, hela ya dozi nzima inatoka wapi 😅

#12 Famasi ya Kona

Na hapo Tunduma muulize dawa zake zinatoka upande gani wa mpaka. Kuna za kutoka Zambia hazijasajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa nchini, bei chee, maandishi mengine husomi. Maelezo mazuri juu ya dawa usiyojua imetoka wapi ni hasara tupu.

#13 Kyela Mpunga

Hayo maduka ya dawa muhimu yalianzia huku kwetu Mbeya kama majaribio, ndo maana yamekomaa.

#14 Tukuyu Mvua Nyingi

@Kyela Mpunga hapana ndugu yangu, yalianzia Ruvuma 2003, yakasambaa mikoa mingine baadae. Kabla yake tulikuwa na duka la dawa baridi tu. Mbeya tuachie parachichi na ndizi, sifa za watu tuwarudishie Wangoni.

#15 Kyela Mpunga

Haya wamechukua Wangoni 😂. Ila narudi kwenye dirisha, maana naona mnalidharau. Mi ni muuguzi huku bondeni. Kwetu mkamwana anamkwepa baba mkwe, wanaofuata mila hawatakiwi hata kukutana njiani. Sasa famasi foleni ni moja. Nimeona mabinti wawili watatu wanaacha dawa kabisa, anamuona mkwe wake amekaa kwenye benchi la dirisha la dawa anageuza anaenda nyumbani na karatasi yake. Ukimfuatilia baadae anasema "nilisahau". Utaliandika wapi hilo kwenye ripoti ya #8? Kwa hiyo mleta mada yuko sahihi, chumba cha pembeni ni lazima. Na sio kwa dawa za siri tu, hata sukari mtu hataki jirani ajue.

#16 Mnyalu wa Ipogolo

Sasa niongee serious kidogo. Mnataka mfano unaofanya kazi? Nendeni CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU. Chumba kipo, kadi ipo, mtu anajua jina la dawa yake, anajua asipoitumia itakuwaje, asipotokea siku yake anapigiwa simu, kuna wagonjwa wenzake waliofundishwa wanaongea nae. Aliye imara anapewa dawa za miezi sita anaondoka. Mgonjwa huyohuyo akiwa na presha anaenda dirisha lingine la hospitali hiyohiyo anainama kwenye kitundu anapewa za mwezi kwenye bahasha ya kaki. Jengo moja, watu walewale, mishahara ileile. Kwanini huku inawezekana kule haiwezekani?

#17 Daktari Mbishi

Kwasababu CTC ililipiwa na PEPFAR mzee, mfuko wa Marekani wa UKIMWI. Yale majengo, wale wahudumu ngazi ya jamii, simu, kompyuta. Mapema 2025 Marekani waliposimamisha misaada si tuliona wote walivyoondoka watu wa mikataba? Huo mfano unafanya kazi kwa sababu kuna aliyekuwa analipa. Nani atalipia presha?

#18 Mbeya Green

Na Mbeya ndo tunaongoza kwa maambukizi so lazima huduma za CTC ziwe juu.

#19 Mnyalu wa Ipogolo

@Mbeya Green hatuongozi kwa furaha ila tuweke sawa: utafiti wa 2022/23 Njombe 12.7%, Iringa 11.1%, Mbeya 9.6%, taifa zima 4.4%. Mko nafasi ya tatu, tulieni.

@Daktari Mbishi hela ni kweli, ila kuna vitu pale havikuhitaji dola. Kadi ya mgonjwa yenye jina la dawa na tarehe inahitaji dola gani? Kumuuliza mtu "wiki iliyopita umeruka vidonge vingapi" bila kumfokea ni dola ngapi? Wahudumu wa CTC walifundishwa kuuliza hivo. Wa OPD (wagonjwa wa nje) mgonjwa akisema ameruka anasemwa mbele za watu, kesho anadanganya, presha iko 190 anaongezewa dawa ya pili wakati ya kwanza hanywi.

#20 Makete Baridi

Habari wakuu. Mi nesi, Makete. Hapo kwenye kudanganya mmegusa penyewe. Nina moja la insulini. Wagonjwa wote wanaambiwa "hifadhi kwenye friji au sehemu ya baridi", sentensi hiyohiyo ya Kyela na Dar. Huku mwezi wa sita na wa saba usiku barafu inaganda kwenye majani. Mtu anaweka chupa dirishani kwa nje au kwenye friji la dukani karibu kabisa na sehemu ya kugandisha. Insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka usiitumie, na kwa macho unaweza usione tofauti. Sukari inapanda, anaambiwa hafuati masharti ya chakula. Ambayo haijafunguliwa ikae nyuzi 2 mpaka 8, uliyoifungua inaweza kukaa ndani ya nyumba kama wiki nne hivi bila friji, soma na maelezo ya aina yako. Hapo ndo naona kumjali mgonjwa maana yake ni kumuuliza kwanza analala wapi na ana nini nyumbani, kabla ya kumpa lile hubiri la semina.

#21 Tukuyu Mvua Nyingi

@Makete Baridi post bora ya uzi mpaka sasa.

#22 Mzee wa Ulanzi

Wataalamu mtusaidie na sisi. Hii kitu ya Flagyl na pombe ni kweli au ni vitisho? Maana huku ulanzi ukianza kugema ni kipindi kirefu, na Flagyl kila ukienda wanakuandikia.

#23 Mbeya Green

Ahahaha uzi umefika kunakotakiwa.

#24 Famasi ya Kona

Mzee, maelekezo ya dawa yanakataza: usinywe pombe ukiwa kwenye dozi na siku mbili tatu baada ya kumaliza, unaweza kupata kichefuchefu, moyo kwenda mbio, kichwa kuuma.

#25 Tukuyu Mvua Nyingi

Kuongezea #24, kuna tafiti za karibuni zinabisha kwamba hiyo shida sio kubwa kama tulivyofundishwa, ila maelekezo rasmi hayajabadilika kwahiyo tunaendelea kukataza. Kinachonisumbua mimi ni kingine. Ukimwambia mzee "usichanganye na pombe" ukaishia hapo, anaelewa achague kimoja, na msimu wa ulanzi anachagua ulanzi. Dozi inaishia siku ya pili. Ingekuwa unakaa nae ungemuuliza unakunywa siku zipi, mkapanga. Mzee wa Ulanzi usiniulize tupangeje wewe, nenda kituoni kwako wakuangalie kwanza kama hiyo Flagyl ya kila mara unaihitaji kweli.

#26 Mzee wa Ulanzi

Ahsante mkuu. Kwanza sijawahi pimwa choo hata siku moja, wananiangalia tu wanaandika.

#27 Sista Uyole

Unaona sasa. Dirisha wala mfamasia hawana kosa hapo, kosa limeanzia chumba cha dokta. Mbishi uko wapi?

#28 Daktari Mbishi

Nipo. Kipimo kinalipiwa, mgonjwa anasema hana, dawa ya bei ndogo ipo, unafanyaje? Na zahanati nyingine hata darubini haina mtu wa kuitumia. Halafu mnasahau masharti ya bima na ngazi. Kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu kila dawa ina ngazi yake, A zahanati, B kituo cha afya, C wilaya, D mkoa, S mabingwa. Mgonjwa wangu ametulia vizuri kwa dawa ya ngazi C, anakaa karibu na zahanati, lakini zahanati hairuhusiwi kumpa, anapanda gari kila mwezi kuja wilayani kwa ajili ya vidonge thelathini. Akikosa nauli anakosa dawa. Mfamasia aongee nae lugha zote za dunia, nauli haitapatikana. Wangeruhusu miezi mitatu kwa walio imara kama CTC hata foleni ya mleta mada ingepungua yenyewe.

#29 Bosi wa Stoo

Naingia hapo. Miezi mitatu ni tamu kuisema. Mimi ndo naagiza. Dawa za presha nikiomba MSD sipati zote, zinazobaki nanunua kwa mshitiri (muuzaji binafsi aliyeteuliwa) kwa hela za makusanyo, na makusanyo yenyewe mnayajua. Nikimpa mmoja ya miezi mitatu wawili wanaofuata wanakosa. CTC dawa zao zina bajeti yake. Afu wagonjwa wa CHF, ile bima ya afya ya jamii, dawa zikiisha kwangu akaambiwa akanunue anaona ametapeliwa, na hasira anazimalizia dirishani kwa kijana wa #1 ambaye hata hakuagiza. Kwa hiyo mkitaka mgonjwa aongeleshwe vizuri anzeni na dawa kuwepo. Hakuna ushauri wa dawa isiyokuwepo.

#30 Kyela Mpunga

@Bosi wa Stoo hata ikiwepo. Mseto wa malaria uko tele na bado watu wanakosea. Mtu mzima vidonge vinne mara mbili kwa siku tatu, 24 jumla, dozi ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza halafu unaendelea asubuhi na jioni, na ule chakula chenye mafuta. Nenda majumbani uone, siku ya pili homa imeshuka vidonge vinawekwa kabatini vya mtoto. Na hilo la "kila baada ya masaa nane" lina vituko vyake, kuna baba alikuwa anakunywa saa nane mchana na saa nane usiku, anaamka kabisa na alamu.

#31 Mbeya Green

Baba ana nidhamu lakini 😂😂

#32 Kitundu cha Dawa

Nimesoma wote, ahsanteni. Kwa la #30 nimeanza kuchora kwenye bahasha, jua linachomoza, jua la utosini, mwezi, na idadi ya vidonge chini yake. Wabibi wa Kisafwa ambao Kiswahili hakijakaa sawa wanaelewa bila kumtafuta mjukuu wa kutafsiri. Hilo sikusubiri kibali cha mtu.

#33 Tukuyu Mvua Nyingi

Wazo zuri ila angalia amoksilini ya mara tatu. Kwa hiyo michoro mtu atakunywa saa moja, saa sita na saa kumi na mbili jioni, afu usiku mzima hakuna dawa. Bora mchoro wa tatu uwe wa kulala.

#34 Sista Uyole

Na akilala saa moja jioni kama watu wa Makete?

#35 Makete Baridi

Saa moja tunalala kwa sababu ya baridi sio uvivu 😂

#36 Kitundu cha Dawa

Haya. Kuhusu meza na viti, bado sijaona wa kunipinga kwa hoja. Watu hawatoshi kweli, dawa hazitoshi kweli, ripoti haiulizi kweli, ila meza naweza kuipata kesho, seremala yuko hapo getini. Kikao cha kamati ya kituo kinakuja, napeleka ombi nondo zitolewe.

#37 Bosi wa Stoo

Kijana, hizo nondo unajua ziliwekwa kwa nini? Vituo vingi viliibiwa dawa usiku, na upotevu ukitokea anayejieleza kwa mganga mkuu ni wewe na mimi. Mimi mkaguzi akija akikuta famasi iko wazi na meza ya maongezi naandikiwa hoja ya ukaguzi.

#38 Kitundu cha Dawa

Nondo zibaki stoo boss. Nasema sehemu ya kutolea tu, na dawa za siku moja.

#39 Bosi wa Stoo

Na zamu ya usiku nani anakaa na hizo za siku moja? Nesi ambaye yuko leba peke yake?

#40 Sista Uyole

Hilo swali lijibiwe kabla hujaita seremala, maana huyo nesi ni mimi.